Dereva Aliyeacha Zamu Yake Mpakani

Kisa hiki alinisimulia kwanza shangazi, mwaka 1997, tukichambua kahawa kwetu Iyula. Aliazimisha vitabu kibandani kwake Tunduma kwa sharti moja: kitabu kisivuke mpaka kwenda Zambia.

Dereva wa lori aliyekaa foleni siku nne alirudisha kitabu cha mapishi akisema, "Mwandishi huyu hajawahi kupikia chini ya lori." Akarudisha na cha mapenzi: "Bwana harusi huyu ningemshusha njiani." Foleni iliposogea alikuwa katikati ya cha upelelezi, na tajiri wake, mwenye lori, alishaapa kumfukuza akichelewa tena.

"Kaka, utapoteza kazi kwa hadithi?" shangazi akamuuliza.

"Dada, bado sijajua nani kaua." Akawapungia wenzake wapite.

Alifukuzwa kweli. Mimi simcheki. Shangazi ameshafariki, dereva yu hai, na bado analalamika kwamba mwisho wa kitabu kile ulikuwa mbovu.