Mtoto Aliyehamishwa Kaburi

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani, katika kijiji kimoja cha Chamwino, watu wazima waliamini kwamba kaburi la mtoto asiyebatizwa hufukuza mawingu. Hata wasomaji wa masomo kanisani waliamini hivyo. Mpaka leo sijasahau walichotufanyia kwa ajili ya imani hiyo.

Mama yangu mdogo, Sechelela, alijifungua mtoto wa kiume, dhaifu. Padri alifika kwetu mara chache, na homa haikumsubiri. Asubuhi mtoto alipoanza kuvuta pumzi kwa shida, Bibi alichota maji mtungini kwa kiganja, akammwagia kichwani: "Nyemo, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maneno hayo aliyajua kwa kuyasikia tu, yeye mwenyewe hakuwa amebatizwa. Kabla ya adhuhuri Nyemo akafa. Katekista, mwalimu wa dini aliyesimamia kanisa padri asipokuwepo, alikuwa safarini, na hakuna aliyeuliza lolote tulipomzika makaburi ya kanisa.

Mvua ikachelewa. Uwele ulioota ukaanza kujikunja majani. Minong'ono ilianzia kisimani, na mchana mmoja katekista akaja nyumbani na wanaume wawili wenye majembe.

"Mama, yule mtoto itabidi tumtoe pale."

"Kwa nini? Nilimbatiza," Bibi akajibu.

"Wewe? Mpagani anambatizaje mtu? Bila ubatizo hakuna wokovu. Yule hana sehemu na waliolala pale. Na mbingu unaziona mwenyewe zilivyofunga."

Sikuwa na umri wa kuelewa mafundisho, lakini nilisikia alivyounganisha wokovu na mvua kana kwamba ni jambo moja.

Mama mdogo alimshika miguu akilia. Katekista akajinasua. Walimfukua Nyemo kweupe, watu wakitazama. Harufu ile sitaieleza. Mmoja wa wachimbaji alitapika palepale. Katekista alijiziba pua kwa leso, akaendelea kuelekeza. Wakampeleka ng'ambo ya korongo, tulikokuwa tukitupa mizoga ya ng'ombe, wakamfukia bila hata wimbo. Kisha wakarudi kwetu, kwa kuwa wachimba kaburi hulishwa. Mama akasonga ugali, akachinja kuku. Namwona katekista bado, akinyonya mfupa, mafuta yaking'aa kidevuni, akiuliza kama mlenda umebaki.

Wiki hiyohiyo mvua ikanyesha. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Jumapili watu walipanga foleni kumpa katekista mkono. Mama mdogo alijifungia ndani.

Padri alipokuja hatimaye, Bibi alimfuata nje ya kanisa.

"Shikamoo, mama," padri akamwamkia.

"Marahaba. Baba Padri, mtu asiyebatizwa akimbatiza mtoto anayekufa, ni ubatizo au si ubatizo?"

"Ulitumia maji?"

"Maji."

"Na maneno?"

Bibi akayatamka.

"Basi huo ni ubatizo kamili, mama. Na hata usingewahi, Mungu hashindwi kumwokoa mtoto."

Ndipo Bibi akamweleza yaliyofuata. Padri alitikisa kichwa, akasema inasikitisha, wamefanya kwa kutojua. Bibi akamwomba Nyemo arudishwe. Padri akatazama chini. Kuchimba tena, alisema, kutazua maneno, na watu ndio kwanza wametulia. Akawasha pikipiki yake akaondoka.

Miaka mingi baadaye, Bibi alipolala kitanda cha mwisho, katekista yuleyule alikuja kutaka kumbatiza. Bibi aligeukia ukutani. "Mikono hiyo isiniguse," alisema, na akafa hivyo.

Siku hizi naishi Ihumwa. Bado ni Mkristo, na wanangu wote wamebatizwa; nilitaka hivyo, na nilifurahi. Lakini majuzi, kwenye ibada ya jumuiya, mzee mmoja alisema asiyebatizwa haendi popote, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Nilitoka nje nikatema mate.

Sina shaka kwamba Mungu alimpokea Nyemo asubuhi ileile, na Bibi pia. Wasiwasi wangu ni juu yetu sisi wengine. Tulijaa pale makaburini mchana ule, karibu sote tumebatizwa, na hakuna hata mmoja aliyewaambia waache.