Sauti ya Zambarau

Kama ungefika Kilosa wakati mashamba ya mkonge yangali hai, usingeuliza Kasiani ni nani, ungemsikia. Kila alfajiri alisimama mbele ya vibarua, daftari mkononi, akaita majina mia tatu bila kukwama, na sauti yake ikavuka reli ikawaamsha hata wasio na kazi. Babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, baba yake akaukata, yeye akapandishwa cheo, akawa mpiga kelele. Ndivyo alivyozoea kujitania. Kisha shamba likafungwa, mitambo ikauzwa vyuma chakavu, na mwenye sauti ya kuita watu mia tatu akabaki hana hata mmoja wa kumwita.

Soko huria likaleta mitumba, likaleta na banda la video la Donati pale mtaa wa Magomeni, hapohapo Kilosa. Donati alikuwa na deki, runinga, na mikanda ya lugha zote isipokuwa ile ya watazamaji wake. Kasiani akapewa kipaza sauti. Kazi yenyewe haikuwa na shule: unazima sauti ya mkanda, unatazama picha, unasema wewe. Wahindi na Wachina wote walizungumza Kiswahili cha Kilosa, na wakikasirika walitukanana Kisagara.

Mkanda uliompa jina ulikuwa katuni ya Kijapani. Msichana mwenye nywele za zambarau anagusa vitufe vya kompyuta, utepe wa mwanga unamzunguka, sare yake ya shule inageuka gauni la vita, naye anazama ndani ya kioo kwenda kupigana na madude yanayoutafuna mji wa taa ulioko humo. Alikuwa akisema nini, hakuna aliyejua. Kompyuta ambayo watu wa Kilosa waliwahi kuiona ilikuwa moja tu, ofisini, imefunikwa kitambaa cha maua isiingie vumbi. Kasiani akaitazama ile picha siku mbili, akaamua: huo ni mji wa majina. Yeyote aliyewahi kuandikwa yumo humo, na aliyeandikwa hapotei. Mtu hutunga kwa alichonacho, na yeye maisha yake yote alikuwa na daftari.

Sauti ya msichana ndiyo iliyomshinda. Akiibana, watoto waliangua kicheko. Imani, binti yake wa pekee, mwenye miaka minane na pengo la meno mawili ya mbele, akakinyakua kipaza sauti. "Baba, wewe sema madude. Mimi nitakuwa Zambarau." Na sare ilipogeuka gauni akapiga kelele iliyopita kwenye pengo ikitoa mbinja: "Nipisheni, nimeshavaa!" Tangu siku hiyo watoto wa Magomeni hawakuvaa shati bila kusema hivyo.

Msimu wa kulima ulipokaribia, na Kasiani alikuwa na kishamba chake Lumuma, Donati hakutaka banda libaki bubu. Deki yake ilikuwa na kitufe cha kutia sauti mpya juu ya picha ya zamani. Jumamosi moja wakajifungia, baba na mwana, wakausema mkanda mzima. Fundi aliyesimamia deki ni Bonifas, mtu mzima mwenye watoto wake, aliyetamani kujifunza kutafsiri. Kasiani akampa kanuni ya kwanza: "Sauti ya zamani usiiache inong'one chini ya yako. Inachanganya watu. Futa yote." Bonifas akaitikia, "Sawa, mwalimu."

Masika yaliyofuata Imani alishikwa na homa Jumatatu. Jumatano walimzika.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi sitauongezea chumvi. Kasiani aliacha kazi ya banda. Mkewe, Magreti, ndiye aliyesema kwanza: "Baba Imani, mtoto yupo kwenye mkanda. Twende tukamsikie." Kasiani akajibu kwamba si leo. Hakukataa, aliogopa. Alijua ile sauti ipo, akaiacha palepale kama mbegu isiyoliwa hata wakati wa njaa. Kila Magreti alipokumbusha, yeye akasema bado. Mwaka ukapita wa kwanza, ukapita wa pili. Na Donati, alipoona malori ya barabara kuu ndiyo yenye watu, akafungasha deki na mikanda, akamchukua na Bonifas, akahamia Mikumi. Kasiani akapata habari siku tatu baadaye, sokoni, kwa mtu aliyekuwa anazungumzia mambo mengine.

Hapo ndipo woga ukageuka mbio. Wakaazima redio kaseti, Magreti akanunua kaseti tupu, akaifunga redio kwenye khanga yake. "Inase yote," akamwambia. "Hata akikohoa." Kasiani akapanda lori la mahindi, akapita kijiji cha Ulaya, akashuka Mikumi saa tisa alasiri, kafunikwa na vumbi jekundu, kaikumbatia redio kifuani.

Banda la Donati lilikuwa limejaa watoto. Picha ilikuwa inaanza: nywele zilezile, vitufe vilevile. Kasiani hakusubiri hata kusalimia. Akabana ukutani, akabonyeza kitufe cha kunasa, akafumba macho.

Utepe wa mwanga ukazunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Bonifas, kajibana koo: "Nipisheni, nimeshavaa!"

Watoto wakacheka. Kasiani akasubiri, akidhani amesikia vibaya. Dude likanguruma, na lenyewe lilikuwa Bonifas. Kila mtu kwenye mji wa majina alikuwa Bonifas. Kasiani akafumbua macho, na bila kukusudia mdomo ukamfunguka, ile sauti ya kuita watu mia tatu: "Imani! Sema wewe! Nipisheni, nimeshavaa!"

"Babu, nyamaza," mtoto mmoja akasema. "Hatusikii."

Bonifas mwenyewe akatokea nyuma ya pazia la mlangoni, akamwona, uso ukamng'aa. "Mwalimu! Shikamoo! Umeisikia kazi yangu?"

"Marahaba. Ya kwanza iko wapi?"

"Ile ya zamani? Nilifuta yote, kama ulivyonifundisha. Haikubaki hata mnong'ono." Akautazama uso wa mwalimu wake, asielewe. "Lakini picha ni ileile, mwalimu. Hakuna kilichopotea."

Kasiani angeweza kumpiga. Ukweli ni kwamba alimshukuru, akatoka kutafuta lori la kurudi.

Magreti alikuwa amemsubiri nje, mkeka umetandikwa, na majirani wamefukuzwa kwa adabu. Aliipokea redio, akarudisha kaseti mwanzo, akabonyeza. Bonifas akaongea, watoto wakacheka, kisha Kasiani akamsikia Kasiani akiita jina la mwanawe, na mtoto wa watu akimwambia anyamaze.

Magreti akaiacha mpaka ikakata. "Labda yuko upande wa pili," akasema, akaigeuza.

Upande wa pili ulikuwa mtupu. Aliusikiliza wote.