Nipe Ule Muzuri

Vita ilipofunga barabara, mume wangu alikwama ng'ambo ya mpaka wa Gatumba. Mi nikabaki mtaani kwetu Buyenzi na watoto watatu na kuku sitini wa nyama, wa wiki tatu. Kuku wale wakifa, watoto hawali. Basi.

Jirani yangu, bibi mmoja aliyefuga kuku nyuma ya gereji ya marehemu mumewe, alikuja Ijumaa asubuhi na kisu mkononi.

"Nipe ule muzuri kuliko wote," akasema. "Tuangalie utumbo."

Mzuri kuliko wote! Yule niliyekuwa namsifu kila siku, kifua kimejaa, ananidonoa mguu nikichelewesha chakula? Thubutu. Nikamletea kanyonge kamoja kalikojikunyata pembeni. Bibi hata hakukagusa.

"We mutoto, mugonjwa anajisema mwenyewe. Muzima ndiye anaficha."

Nilinuna, wallahi nilinuna. Akasema bismillahi, akachinja, akapasua utumbo kwa mkasi, akauosha na kuunyoosha juu ya sahani nyeupe, juani. Akaufuata kwa kidole kuanzia juu, polepole, kama anayesoma Kurani. "Hapa salama. Hapa salama." Kwenye vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo kidole kikasimama. Vidoadoa vyekundu, vidogo kama ncha ya sindano.

"Kuhara damu. Bado siku mbili uanze kuzoa mizoga."

Lo! Na bandani sikuwa nimeona tone la damu. Daktari wa mifugo hakanyagi mtaani kwetu siku zile za risasi, na huyu bibi, ambaye shule aliiona kwa nje tu, ameukamata ugonjwa kabla haujajionyesha! Mpaka leo sijaona jicho kama lile.

Akafungua pindo la kanga, akatoa pakiti moja ya dawa.

"Tia kwenye maji yao. Na maranda yote ya chini bandani ubadilishe leo."

"Na wako, Bibi?"

"Wangu niliangalia jana. Wote salama."

Kuku wangu walikufa wawili tu. Wiki iliyofuata nikachagua aliye mzuri kuliko wote, nikampelekea bibi kumshukuru. Banda lake lilikuwa tupu, maranda yamechomwa.

"Bibi! Mbona hukuniambia?"

"Ungenirudishia dawa. Watoto wako wangekula nini?"

Nikalia palepale. Yeye akampokea kuku wangu, akampapasa kifua, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Leta kisu," akasema. "Tuangalie."