Taa Inapofifia Alfajiri

Asubuhi moja taa ilipofifia, nilivaa viatu, nikachukua mfuko na kutoka nyumbani kwetu Shauri Moyo bila kujua naelekea wapi. Nilitaka tu mahali ambapo taa haifanyi hivyo.

Baba alifanya kazi kiwandani. Kila alfajiri aliwasha taa, akatumbukiza koili yake ya umeme kwenye ndoo ya maji ya kuoga, na balbu ikanywea hadi rangi ya chai. Sisi tuliolala sakafuni tukajua ameamka. Alipofariki tulimzika kwao magharibi, vitu vyake vikagawiwa kama ilivyo desturi. Alfajiri ya kwanza baada ya kurudi, mama aliwasha taa, nayo ikanywea. Akaitazama, kisha akainuka kumtengenezea baba chai.

Shule niliiacha mapema, lakini jambo nisilolielewa haliniachi. Nilitoka nje nikasikiliza mlango baada ya mlango, hadi nikasikia maji yakinguruma kwa jirani yetu, mzee mchongaji vinyago kutoka Ukambani.

"Kijana, unanyemelea nini hapa? Sina binti."

"Nasikia maji, mzee."

"Ni koili ya baba yako. Mama yako alinipa. Ama umekuja kunisugua mgongo?"

Ilipopoa aliniachia niishike. Kwenye mpini palikuwa pameandikwa wati elfu moja. Balbu yetu ilikuwa ya arobaini. Siku zote nilidhani wati huwekwa mahali, kama maji kwenye pipa. Nikakumbuka jiko la mama: nalo lilipasha ndoo hiyo hiyo, ila polepole, mpaka jua litoke. Maji yale yale, joto lile lile. Koili ilikuwa na haraka tu, na wati ndicho kipimo cha haraka hiyo, kazi inayofanyika kwa kila sekunde. Waya uliowekwa na kanjo, baraza la jiji, ulikuwa mwembamba na vyumba vyote viliutegemea. Mmoja akivuta kwa haraka, wengine wanafifia.

Nilimweleza mama.

"Najua," akasema. "Si mimi niliyempa?"

Na bado alimimina kikombe cha baba. Mimi pia, pamoja na wati zangu zote, kila taa iliponywea kifua kilisema: ameamka.

Basi asubuhi ile nikatembea. Mtaa wa Jericho niliupita bila kusimama. Alasiri ilinikuta Kayole, kwenye ghorofa ambalo rangi yake haijakauka, na mama mwenye nyumba akanifungulia chumba.

"Koili hapana. Pasi hapana. Redio sawa."

"Sina koili, mama."

"Wote husema hivyo. Nikiona taa imeshtuka, nazunguka mlango kwa mlango."

"Kwa hiyo alfajiri taa haififii?"

"Hapa? Hata kidogo."

Alipoondoka niliwasha balbu, ingawa jua lilikuwa bado nje. Nikaketi sakafuni, mfuko mapajani, nikaikodolea macho. Iliwaka sawasawa, bila kutikisika. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta, na nikajikuta naisubiri inywee.