Sentensi Zisizo na Marehemu

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Kanazi alitukataza kuwatia marehemu kwenye sentensi. Tulikuwa tunajifunza sentensi za "if", na alipotaka mifano, kila aliyesimama alimleta baba yake, mama yake, au wote wawili: kama angekuwa hai, ningekuwa na viatu, kama asingekufa, ningelala kwetu. Mwalimu alivumilia hadi nusu ya darasa, kisha akaweka chaki mezani.

"Leteni mvua," alisema. "Leteni kahawa, ng'ombe, chochote. Wafu basi."

Miaka ile ugonjwa ulikuwa umeingia karibu kila nyumba, na siku za matanga zilikuwa zimepunguzwa ili watu wapate kushika jembe. Baba yangu alikuwa bado hai, kwa hiyo mvua ilinitoka kwa urahisi: mvua ikinyesha, tutapanda maharage. Mwalimu akanisifu. Hiyo ni aina ya kwanza, akaeleza, ya jambo linaloweza kutokea. Ukilitaja hujaliita, umejiandaa tu.

Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa amelala chumba cha mbele, amebaki macho na mifupa. Kwetu, mwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, huwaita wazee wa ukoo angali anaongea, akawaambia mbele ya majirani nani atabaki na migomba. Asipofanya hivyo, ukoo unaamua wenyewe, na sisi tulikuwa watoto wa kike watupu. Baba mdogo alishaanza kupita kwenye mibuni yetu akipima matawi kwa macho. Sote tulimwona, na hakuna aliyethubutu kusema. Ukimya ule unaniudhi hadi leo.

"Tata," nilimwambia, "ukifa, sisi na mama tutakaa wapi?"

Mama alinizaba kofi kabla sijafunga mdomo. Lakini Tata alicheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

"Mwache. Huyu ndiye pekee anayeongea na mimi kama mtu mzima. Kesho waite wazee. Kibanja ni chenu."

"Niwaite waje kukuzika unapumua?" mama alijibu. "Siwaiti. Utapona."

Mimi sikuweza kwenda. Mtoto wa kike hawaiti wazee. Kesho yake mama alimpikia uji, akamwogesha, akamwimbia. Alimpenda, sitaki mtu aniambie vingine.

Siku chache baadaye sauti ya Tata ikakatika. Hapo ndipo mama alipotoka mbio kuwaita. Wazee wakaja, wakakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, wakamwinamia. Midomo yake ilicheza. Baba mdogo akasema hajasikia kitu, na kweli hakukuwa na cha kusikia.

Tulimzika Tata kibanjani, na kabla ya mavuno ya kahawa tulikuwa tumehamia chumba cha kupanga mjini, mtaa wa Miembeni. Shule yangu iliishia hapo. Mwalimu naye alikufa, nilisikia, kabla hajawafikisha wenzangu aina ya tatu, ile ya mambo yasiyorekebishika tena.

Mama anapotaka kupalilia kaburi, anapiga hodi kwa baba mdogo na kuomba ruhusa kama mgeni. Huwa anapalilia kimya. Mara moja tu nilimsikia akimwambia Tata, "Ningewaita." Kisha akaendelea kung'oa magugu.