Nyaya Tatu na Daftari la Makaburi

Wiki iliyopita nilikwenda soko la samaki la Feri kununua changu, na mkaanga samaki mmoja anayenifahamu akaniuliza mbona hakuniona mazikoni. Nikamuuliza, mazikoni kwa nani? "Yule fundi wako wa Kariakoo," akasema. "Kazikwa juzi baada ya Adhuhuri." Watoto wake wangejuaje kwamba mwandishi huyu wa gazetini alikuwa mtu wa baba yao? Sikuwa ndugu wala jirani. Nilikuwa mteja tu, tena mteja wa kazi moja, lakini kazi ile sijaiona tena ikifanywa na mtu mwingine.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kalamu nilikuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi ilikuwa Posta, ghorofa ya pili, na ilikuwa na kompyuta moja kubwa kama friji ndogo, ya mfumo wa Unix, isiyo na kioo wala kibodi yake yenyewe. Kila karani alikaa mbele ya terminali, yaani kioo chenye maandishi ya kijani pamoja na kibodi, iliyofungwa kwa waya kwenye kompyuta ile. Hadi leo nikisikia feni ikivuma chumbani huyakumbuka maisha yale: meli zikipiga honi, chai ya tangawizi mezani, na herufi za kijani zikijipanga taratibu. Mchana wenzangu wakishuka kula, mimi nilibaki nikiingiza daftari la makaburi la msikiti wa mtaani kwetu. Imamu ndiye aliyeniomba, kwa sababu mchwa walikuwa wameanza kulila. Jina, siku ya kuzikwa, mstari, namba ya kaburi. Nililimaliza baada ya miezi kadhaa. Kisha ofisi ikafungwa, nikashika njia nyingine, na sikulifikiria tena.

Miaka mingi ikapita, hadi siku mwanamke wa makamo alipobisha hodi kwangu, ameelekezwa kutoka msikitini. Alikuwa ametoka Kigoma. Baba yake alikuwa kuli wa bandarini, akafariki yeye akiwa mchanga, na mama akamchukua kurudi naye kwao. Sasa mama naye alikuwa ameondoka, na neno lake la mwisho lilikuwa kwamba mtoto aende akasimame kwenye kaburi la baba yake walau mara moja. Daftari la msikiti lilikuwa limeloa mvua za masika hadi kurasa zikagandana. "Wameniambia wewe uliwahi kuliandika kwenye mashine," akasema. "Naomba unisaidie, kaka yangu. Sina pengine pa kuuliza."

Nilimpigia simu bosi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anauza vitambaa Kariakoo. Kompyuta bado alikuwa nayo, stoo juu ya duka, chini ya majora. "Njoo uichukue leo," akaniambia. "Jengo linabomolewa, na watu wa vyuma chakavu nimeshawaita." Terminali zilikuwa zimeshatupwa zote. Nilizunguka na ile kompyuta juu ya mkokoteni, duka kwa duka, wauza simu wakiitazama kama jeneza. Mmoja akanicheka kwa adabu, kisha akanielekeza kwa mzee mmoja kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya redio.

Fundi alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na miwani iliyofungwa uzi. Nilimwamkia, akaitika, kisha akaisogelea kompyuta akaipapasa ubavuni. "Hii haijafa," akasema. "Imekosa wa kuzungumza naye." Rafuni alikuwa na terminali moja aliyoitunza miaka yote, ingawa mkewe alikuwa ameshamwambia mara nyingi aitupe. Siku mbili alisafisha vumbi kwa brashi ya rangi kabla hajakubali kuwasha umeme. Siku ya tatu alitengeneza waya kwa mkono, mimi na yule dada tumekaa kwenye benchi. Nyaya tatu tu: wa kusema, wa kusikia, na wa ardhi. Akawasha. Kioo kikabaki cheusi.

Yule dada akainamisha kichwa. Fundi hakumtazama, alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. "Kosa langu," akasema. "Nimefunga mdomo kwa mdomo. Wote wanasema, hakuna anayesikia." Akakata, akapishanisha nyaya mbili, akawasha tena. Safari hii kioo kilijaa takataka, alama zisizosomeka. Mimi nilikata tamaa, yeye akatabasamu. "Sasa wanaongea, ila mmoja ana haraka." Nyuma ya terminali kulikuwa na swichi ndogo za kupunguza kasi. Akaishusha hatua kwa hatua, kila mara akingoja, mpaka ikatokea mistari miwili safi ya kijani ikitaka jina langu na neno langu la siri.

Neno lile lilikuwa jina la msichana niliyempenda enzi hizo, ambaye hakuwa mke wangu. Fundi aliona ninasita. "Andika tu, mwandishi. Mimi sioni," akasema, akageukia ukuta. Daftari likafunguka. Nilisoma majina kwa sauti, na tulipofika kwa baba yake yule dada hakulia. Aliniomba nilirudie jina, kisha mstari, kisha namba. Fundi akamwambia, "Piga picha, mwanangu, na siyo ya baba yako peke yake. Mashine hii naiamini kwa leo tu." Dada alizipiga picha kurasa zote kwa simu yake, moja baada ya nyingine, mpaka alasiri. Kesho yake diski ya ile kompyuta haikuzunguka tena, na haijazunguka hadi leo.

Majina yale sasa yapo msikitini, yameandikwa upya katika daftari jipya, na watu wengine wamekuja kuwatafuta marehemu wao humo. Nilipomaliza kuliingiza nilijiona nimeliokoa daftari, kumbe nilikuwa nimelihamisha tu kutoka kwa mchwa nikaliacha ndani ya mashine iliyoishia stoo, nikaondoka bila kumwachia mtu njia ya kulifungua. Ofisi zetu hufanya hivyo kila siku. Mashine mpya inafika, watu wanapiga makofi, na ya zamani inabebwa na mkokoteni bila mtu kuuliza ndani yake kumebaki nini. Nami siipingi mashine mpya. Ninachosema ni kwamba kabla hatujaitoa ile ya zamani, tukae na anayeijua, angali hai na mikono yake haijaanza kutetemeka, tuwahamishe kwanza watu waliomo.