Ndoo zangu ziliharibu maji ya mvua ya Mama Esther, Brussels

Wakuu, heshima kwenu. Habari hii hata mke wangu haijui. Sitatia chumvi, maana ilivyo tu inaniumiza.

Miaka ya tisini nilikuwa Brussels nabeba boksi bila makaratasi. Jumapili moja sokoni Gare du Midi nabishana na Mrundi muuza nyanya, nikasikia bibi wa Kizungu nyuma yangu anacheka.

"Anakuibia, mutoto yangu!"

Kiswahili! Nikaduwaa.

Ndiye Mama Esther, mjane wa Kiyahudi aliyezaliwa Lubumbashi. Alikuwa mwangalizi wa bafu la ibada la wanawake wa Kiyahudi. Palepale akanipa kazi ya usafi.

Kwa wasiojua, lile si bafu la kuoga uchafu. Mwanamke anaoga kwanza anatakata kabisa, ndipo anazama mle mwili mzima. Baada ya hedhi hamrudii mumewe mpaka azame. Bibi harusi naye anazama kabla ya ndoa. Kwao ni jambo zito, siyo mchezo.

Kiangazi kile, kisima cha bafu, pale wanapozama, kilipata ufa. Mafundi wakakikausha, wakaziba. Sasa kijae tena kwa mvua ya paani... mvua ikagoma! Brussels ile ile ya manyunyu kila siku! Wanawake wakawa wanasafiri hadi Antwerp. Mama Esther kila asubuhi anatazama juu, anaguna.

Nikamwonea huruma. Siku aliyokwenda kupimwa macho nikachukua ndoo, nikamwaga maji ya bomba mpaka kisima kikavuka nusu. Nikajiona bonge la mchapakazi.

Kesho yake mvua ikashuka, kisima kikajaa. Mama Esther akapiga vigelegele! Rabi, kiongozi wao wa dini anayekikagua kwanza, alikuwa safarini; yeye akafungua bila kumsubiri. Nikaona nisimharibie furaha, nikanyamaza.

Siku kadhaa baadaye nikamuuliza, kwa nini tusiwe tunajaza kwa bomba? Akashtuka.

"Hapana! Mayi ya mvua, ishuke yenyewe. Ukitia ya ndoo mvua haijajaza bado, yote inaharibika."

Nikajibu, "Sawa Mama," nikaendelea kupiga deki.

Rabi aliporudi akasema haiwezekani, mvua ya siku moja haijazi kisima kile. Nani katia maji? Mimi nipo pale, fagio mkononi. Nikawaza: nikisema nafukuzwa, nikifukuzwa naishia kurudishwa Bongo.

Mama Esther akasema labda mafundi walikuwa wanajaribu ule ufa. Lakini akasema kosa ni lake mwenyewe, yeye ndiye aliyefungua.

Akaamua kuwaambia mwenyewe wote waliozama. Alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyembebea mkoba, mlango kwa mlango.

Mlango wa tatu alikuwa binti aliyeolewa wiki ile. Mama Esther akamshika mikono, akamweleza kwa Kifaransa, akaomba msamaha. Binti akakaa kwenye ngazi akalia kama amefiwa. Na mimi nimesimama hapo na mkoba, mdomo nimeufunga. Wakuu, nilikuwa mwoga, sina jina lingine.

Mama Esther akaachishwa kazi. Siku anakabidhi funguo akaongea na rabi kwa muda, kisha akanigeukia.

"Nimemuambia asikufukuze. Nimesema huyu mutoto hajui kusema uongo."

Nikasema asante.

Nikafanya kazi pale miaka minne, na makaratasi nikayapata kwa barua ya kazi hiyohiyo. Yeye alihamia Israeli kwa bintiye. Anwani aliniachia. Barua nilianza mara nyingi, sikutuma hata moja.

Nilichojifunza: zile ndoo nilizimwaga kwa kutojua. Angenigombeza, tungekausha upya, yakaisha. Kunyamaza nilikuchagua mwenyewe, kila siku, hadi leo.

Nyie mliowahi kumwacha mtu abebe kosa lenu, mliishi nalo vipi? Semeni tu, hata mkinitukana nitasoma. Yeye hakuwahi kunitukana.